Barua Mbili: Moja Yapanda Bara, Moja Yateremka Pwani

Mpwa wangu mmoja, mzaliwa wa Malindi, anasoma Juja, karibu na mji wa Thika, na chumba alichopanga kiko upande wa Theta. Mwezi uliopita aliniletea maneno marefu kwa simu. Hazikuwa zile salamu za mkato ambazo vijana wametuzoeza, bali mawazo yaliyopangwa mithili ya barua za zamani. Nimeyasoma mara tatu, na kila mara nimeona kuwa si haki niyafungie kifuani mwangu peke yangu. Basi, ndugu msomaji, nitegee sikio.

Kijana aanza na simu yenyewe. Asema neno aliandikalo Theta humfikia mamake Malindi kabla yeye hajaiweka simu chini. Sisi tuliokuwa tukingoja barua ya posta mpaka tukaisahau, hatuna budi kustaajabu. Na watu wa pwani tuna haki ya kujisifu kidogo, kwani mambo haya yaliingilia mlangoni kwetu. Mwaka 1879 Waingereza walitandaza waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja. Mwaka 2009 waya wa TEAMS, uliotoka Fujairah katika nchi za Ghuba, ulifika Mombasa, na mwaka huo huo ukafika wa SEACOM. Kabla ya hapo mtandao wa Kenya ulitegemea setilaiti, nao ulikuwa ghali na mzito. Bahari ile ile iliyotuletea majahazi ya msimu ndiyo iliyoleta waya huo, kisha waya ukapanda bara hadi kwenye chumba cha mwanafunzi wa Theta.

Lakini hapo ndipo mpwa wangu aliponichoma. "Mjomba," aliandika, "habari zenu hupanda huku kwa kufumba na kufumbua. Mto nao hushuka huko na habari zetu, wala sioni anayezisoma."

Naam, kijana amenena. Mto Theta ni mmoja wa mito midogo ya bonde la Athi, pamoja na Ruiru na Ndarugu. Athi hupita Ukambani, ukifika Tsavo huitwa Galana, nasi twauita Sabaki pale unapoingia baharini kaskazini ya Malindi. Mto Thika wenyewe hushika njia nyingine: huingia Tana, ukapita Garissa, na mwisho wake ni karibu na Kipini. Kwa hiyo mvua inayonyesha nchi ya Thika na Ruiru, ikiwa haikunywewa na ardhi wala haikukatizwa njiani, ina milango miwili tu ya kutokea, na milango yote miwili iko pwani kwetu.

Katika masomo yake, kijana huyu alijipa kazi ndogo. Kila Jumamosi huteka maji ya mto kwa chupa, akayaacha yatulie dirishani, kisha akapima kwa rula unene wa tope lililotua chini. Majuma ya mwanzo hakuona kitu, na wenzake wakamcheka kuwa ameacha kompyuta akaenda kuchezea matope. Katikati ya muhula akaanguka mtihani wa hesabu, akataka kufunga virago arudi nyumbani. Hakurudi. Mvua za masika ziliponyesha, tope chupani likapanda hata akadhani amekosea kupima. Akapima tena. Hakuwa amekosea.

Mimi na yeye tumesoma vyuo tofauti. Chuo changu mimi kilikuwa cha ubao na wino, na mwalimu alinirudisha kwenye aya moja hata siku kumi. Chuo chake ni chuo kikuu, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Hata hivyo, somo naona ni moja. Mashine humpa jibu upesi, lakini haimpi moyo wa kurudi mtoni Jumamosi ya kumi. Moyo huo ndio subira, na subira haiuzwi pamoja na simu.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Watu wa Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa hupata maji yao kutoka Baricho, katika mchanga wa mto Sabaki. Maana yake ni kwamba mamake kijana huyu, akisimama alfajiri kutia udhu, hutawadha kwa maji ya mto ule ule unaokusanya mito ya huko alikolala mwanawe. Sisemi kuwa twatawadha kwa tope, la hasha. Maji huchujwa na mchanga na kutiwa dawa. Nasema kuwa lile linalomwagwa bara si jambo la watu wa bara peke yao. Atakaye ushahidi na asimame ufuoni Malindi baada ya mvua, aone bahari ilivyo nyekundu. Hifadhi ya bahari ya Malindi iliwekwa mwaka 1968 kulinda matumbawe na samaki, lakini sheria hiyo haiwezi kulizuia tope lililopanda mto mbali nasi.

Atasema mtu kwamba tope la Sabaki si la Theta peke yake. Kweli, mashamba ya Ukambani yamo na maji machafu ya Nairobi yamo. Lakini kila mmoja akimnyoshea mwenzake kidole, mto utaendelea kuteremka na mzigo wake. Mwingine atasema mkulima maskini hana budi kulima hadi ukingoni. Huyo naye tusimkemee, tumsaidie apande ukingoni miti na majani ya mifugo, vitu vya kumfaa yeye na vya kuushika udongo. Wangari Maathai alianza hivyo mwaka 1977, pamoja na akina mama na vitalu vyao vya miche. Alibezwa na kufungwa, na Januari 1999 akapigwa kichwani akiutetea msitu wa Karura. Msitu ule ungali umesimama, na mwaka 2004 dunia ikampa tuzo ya Nobel. Ilimchukua miaka ishirini na saba.

Na sisi wenyewe tusiwe nyani asiyeona kundule. Ni nani aliyekata mikoko yetu akachoma tanuri za chokaa? Ni nani anayetupa takataka mtaroni, kisha akakimbilia msikitini kusali? Tulifundishwa tukiwa watoto kwamba maji hayafujwi hata mtu akiwa kando ya mto upitao. Tulifundishwa pia kwamba Kiyama kikisimama nawe una mche mkononi, ukiweza kuupanda, upande. Mambo haya tuliyahifadhi kwa ulimi, na mikono yetu ikabaki mitupu.

Rai yangu ni hii. Wahatibu wetu wayaseme haya mimbarini. Serikali za kaunti ya Kiambu na ya Kilifi ziketi pamoja kuuzungumzia mto, kwa kuwa mto haujui mpaka wa kaunti. Na vijana wetu walioko Juja, Ruiru na Thika wawe macho yetu huko: simu wanazo, wapige picha, wapime, watuletee habari. Waya umeshatandazwa, lililobaki ni kuutumia kwa jambo lenye uzito.

Mpwa wangu alimaliza kwa kuniomba dua ya mtihani anaourudia. Dua nimemwombea, na ubeti huu nikamfungia:

Mto ni barua yako, mpwa wangu ulo bara,
Lilomwagwa hapo kwako, huja kwetu na madhara,
Panda mti kando yako, subiri uwe imara,
Maji safi toka huko, yatufike baharini.