Kabla ya MRI, mgonjwa wa kiuno agongwe goti

Mavuno yakifika, Morotonga na vijiji vingine vya wilaya ya Serengeti vina kazi isiyokwepeka: kubeba. Magunia ya mahindi yanapandishwa mkokoteni, mihogo inashushwa, ndoo za maji zinapanda kichwani. Kiuno kikikaza, mtu anachuliwa, anameza vidonge vya maumivu, anapumzika kidogo na kurudi shambani. Mara nyingi hiyo inatosha. Diski iliyochomoza kati ya pingili za kiuno hutulia yenyewe kwa wagonjwa walio wengi ndani ya wiki 6 hadi 12, bila kisu.

Shida ni wale wachache ambao diski zao hujificha.

Zaidi ya diski 9 katika kila 10 zinazochomoza kiunoni ni za pingili za chini kabisa, na maumivu yake hushuka nyuma ya paja hadi unyayoni. Kipimo chake kinajulikana: mgonjwa analazwa chali, mguu unanyanyuliwa ukiwa umenyooka, naye anapiga yowe. Lakini diski ikichomozea pembeni, nje ya tundu ambamo mshipa wa fahamu hutokea, maumivu huja mbele ya paja na gotini. Mguu ukinyanyuliwa, huenda asisikie kitu. Ni rahisi basi kutibiwa goti lisilo na kosa.

Wapasuaji Mixter na Barr wa Boston walionyesha mwaka 1934 kwamba diski iliyochomoza huleta maumivu ya mguu. Aina hii ya pembeni ilisubiri hadi 1974, Abdullah na wenzake walipoieleza kwa kina. Ilikuwa ikijificha kwa sababu dawa ya rangi iliyochomwa kwenye uti wa mgongo ili uonekane kwenye eksirei haikufika huko nje. Hata mashine ya picha ya MRI inaweza kuikosa, msomaji wa picha akikazia macho katikati tu.

Ndiyo maana kilio cha kukosa mashine ya MRI peke yake hakitoshi. Mgonjwa wa Mugumu, mji wa wilaya hiyo, anayefuata kipimo hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, haendi bure. Ila barua ya rufaa iliyoandikwa "maumivu ya mgongo" haimwambii msomaji wa picha pa kutazama. Iliyoandikwa "paja la mbele, kulia, goti haliruki likigongwa" inampeleka moja kwa moja penye shida, kwa kuwa goti huacha kuruka mshipa wake wa fahamu ukibanwa. Nyundo ya mpira ndiyo yote inayohitajika, na kitanda cha kumlaza mgonjwa kifudifudi: goti likikunjwa na paja la mbele likauma, mshipa ulioguswa ni wa juu zaidi.

Maelezo hayo humfaa pia mpasuaji. Akiingilia katikati kama kawaida, huenda akalazimika kukata kiungo cha pingili ili afike pembeni, na mgongo ukalegea. Njia aliyoieleza mpasuaji Wiltse mwaka 1968 hupita kati ya misuli, kando ya uti wa mgongo, na kuifikia diski bila uharibifu huo.

Serengeti ina sababu nyingine ya kupima kwa makini. Ni nchi ya ng'ombe, na brusela, ugonjwa unaotupisha mifugo mimba, humfikia binadamu kwa maziwa mabichi. Huo na kifua kikuu vyote vinaweza kushambulia pingili na kujifanya diski. Homa, jasho la usiku na kukonda ni dalili za kuulizia kabla ya kutaja upasuaji.

Swali moja halina subira. Ganzi kati ya mapaja, au mkojo kugoma, ni ishara kwamba kifungu cha mishipa ya fahamu ya chini kimebanwa. Upasuaji hutakiwa haraka, ikiwezekana ndani ya saa 48, na kwa mtu wa Morotonga sehemu ya saa hizo inaishia barabarani. Halmashauri inaweza kuanza na fomu ya rufaa ya zahanati zake kwa kuiongezea mistari mitatu: maumivu yanaishia wapi, goti linaruka au haliruki, mkojo unatoka au umegoma.