Maji Kwanza, Wageni Baadaye

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye hatumpi jembe, naye ni mtalii anayepanda milima ya Nyandarua kutazama ndovu, nyati na maporomoko ya maji. Huyu hulipa kiingilio, hulala hotelini, na fedha zake huisaidia nchi yetu. Basi sisi wenye mashamba Kinangop na mahali pengine kando ya msitu yatupasa kujiuliza: mgeni huyu apewe nafasi kiasi gani?

Hifadhi ya Aberdare iliwekwa mwaka 1950, na eneo lake ni kilomita za mraba 767 hivi. Tangu 1962 skimu za makazi zilipoanza, wakulima wengi wakawa majirani wa wanyama. Majirani hao walikuwa wasumbufu. Watu walikesha usiku wakipiga madebe, na hata hivyo asubuhi walikuta viazi na mahindi yamekanyagwa. Ua wa umeme ulioanza kujengwa 1989 na kumalizika 2009, urefu wake kama kilomita 400, ndio uliotupatia usingizi. Ua huo unawalinda wanyama na wawindaji, na unatulinda sisi na wanyama.

Lakini kazi ya kwanza ya mlima huu si kuonyesha wanyama. Ni kutupa maji. Mto Malewa hutoka huku ukaenda mpaka ziwa la Naivasha. Mabwawa ya Sasumua na Ndakaini hujazwa na mito ya msitu huu, na watu wa Nairobi hunywa maji hayo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, watalii hawakuja na hoteli zilifungwa. Je, mito ilifungwa? La. Ng'ombe wetu walikunywa maji kama kawaida. Kwa hiyo tusiuharibu msitu kwa ajili ya mgeni ambaye mwaka mmoja huja na mwaka mwingine haji.

Na mgeni anaweza kuharibu bila kukusudia. Hoteli ya Treetops ilifunguliwa mwaka 1932 juu ya mti mmoja wa mugumo. Wanyama waliwekewa chumvi karibu na kidimbwi, ili wageni wawatazame bila taabu. Wakaja kwa wingi, usiku baada ya usiku. Miaka ilivyopita, ndovu waliangusha miti na kuambua maganda, hata mahali palipokuwa msitu pakawa uwanja. Mkulima haoni ajabu katika jambo hili. Ukikusanya ng'ombe wengi mahali pamoja kila siku, majani huisha na udongo hubaki mtupu.

Wako wasemao kwamba hoteli nyingi zaidi ndani ya hifadhi zitawapa vijana wetu kazi. Haja ya kazi ni kweli, wala siikatai. Lakini kazi ile ile yaweza kupatikana nje ya ua. Kwa maoni yangu, mambo matatu yafaa kufanywa.

Kwanza, hoteli mpya zisijengwe msituni. Zijengwe katika vituo vyetu vya biashara, ili mgeni aingie hifadhini mchana, atoke jioni, ale viazi vyetu na kunywa maziwa yetu. Hapo fedha zake zitafika shambani.

Pili, fungu la fedha za kiingilio litumike kutunza ua, na wanaopata hasara walipwe bila kukawia. Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 inasema kwamba jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama walipwe shilingi milioni 5, na mazao yaliyoharibiwa yalipwe pia. Sheria hiyo ni njema, lakini malipo yanayongojwa mwaka baada ya mwaka humfanya mkulima amwone ndovu kuwa adui, na mgeni kuwa rafiki wa adui yake.

Tatu, sisi wenyewe tutimize wajibu wetu. Anayekata waya ili apitishe ng'ombe, au kuingia kuchoma makaa, anamfungulia ndovu mlango wa shamba la jirani yake. Mti ukiangukia ua, mtu asipite akisema si kazi yake. Apeleke habari siku ile ile, kwa maana ndovu hangoji kesho.

Watalii na waje, nasi tuwakaribishe kwa heshima. Lakini mwenye nyumba hang'oi paa lake ili apate kuni za kumpikia mgeni. Msitu wa Nyandarua ndio paa letu. Tukiutunza, mgeni atakuta kitu cha kutazama, na watoto wetu watakuta maji mtoni.