Anayechora ramani ahesabu nukta, si inchi

Siku hizi si ajabu kukuta kompyuta katika karakana ya kuchomelea mageti, kwa fundi seremala au katika duka la steshenari ambalo zamani lilikuwa na mashine ya kutoa nakala tu. Mteja anakuja na picha ya geti aliloliona kwa jirani, fundi analichora kwenye kompyuta, anaweka vipimo, na wanakubaliana bei kabla chuma hakijakatwa. Ndivyo ilivyo pia kwa ramani za nyumba, mabanda ya kuku, minara ya matangi ya maji na maghala ya mazao.

Hiyo ni hatua nzuri. Tatizo ni kwamba fundi anapokwenda mjini kununua vifaa, mara nyingi fedha zote huishia kwenye kompyuta yenyewe. Monita huchukuliwa mwishoni kwa chenji iliyobaki, na swali linaloulizwa dukani ni moja tu: ni ya inchi ngapi? Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Inchi ni urefu wa kioo kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Hazisemi kioo hicho kinaweza kuonyesha nini. Picha ya kompyuta hujengwa kwa nukta ndogo ndogo, na idadi ya nukta hizo ndiyo inayoamua mstari mwembamba utaonekana au utamezwa. Monita ambayo boksi lake limeandikwa Full HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla zaidi kidogo ya milioni 2. Ile ya QHD ina 2,560 kwa 1,440, karibu milioni 3.7. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, karibu milioni 8.3, yaani mara nne ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo monita ya inchi 32 yenye nukta milioni 2 haionyeshi hata mstari mmoja zaidi ya ile ya inchi 24 yenye idadi hiyohiyo. Ya inchi 24 ina nukta kama 92 katika kila inchi, na ya inchi 32 ina 69 tu. Ni sawa na uji ulioongezwa maji. Bakuli limejaa, lakini unga ni uleule.

Chukua mfano wa kikundi cha wakulima kinachotaka kujenga ghala la mahindi. Ramani imechorwa kwenye karatasi ya A1, yenye milimita 841 kwa 594, kwa skeli ya 1:100. Ukuta wa tofali la inchi 6 ni kama milimita 150, hivyo kwenye karatasi unakuwa milimita 1.5. Tarakimu za vipimo huandikwa kwa kimo cha milimita 2.5, kama ilivyo desturi ya wachoraji.

Mchoraji akitaka kuiona karatasi yote kwa pamoja kwenye kioo chenye nukta 1,080 kwa kimo, kila nukta inabeba zaidi ya nusu milimita ya karatasi. Ukuta unapata nukta mbili au tatu, na mistari yake miwili inagandana. Tarakimu inapata nukta nne au tano tu, na kwa kimo hicho 3, 6 na 8 zinafanana kama pacha. Kwenye kioo cha 4K tarakimu hiyohiyo inapata nukta tisa. Ni ndogo bado, lakini inasomeka. Ya QHD iko katikati, na nukta kama sita.

Atakayepinga atasema kwamba kompyuta ina uwezo wa kuvuta picha karibu, hivyo hakuna sababu ya kulipia nukta nyingi. Ni kweli, na kila mchoraji hufanya hivyo. Lakini anapovuta karibu kuona mlango, anapoteza nguzo ya upande wa pili. Anarudi nyuma, anavuta tena, na kutwa nzima kazi ni hiyo. Makosa ya ramani hujificha zaidi katika uhusiano wa kitu kimoja na kingine. Nguzo inaweza kukaa mbele ya mlango wa kupakulia, au jumla ya vipimo vidogo ikakosa kulingana na kipimo kikubwa. Hayo huonekana kwa anayeona yote kwa mara moja na bado akasoma tarakimu.

Gharama ya kosa kama hilo haiishii kwenye karatasi. Chuma kilichokatwa kifupi hakirefuki, na msingi uliochimbwa pasipo pake hufukiwa kwa fedha za mtu. Anayelipa ni fundi mwenye mtaji mdogo au mkulima aliyeuza mazao ili ajenge.

Vioo vya namna hii si vitu vya jana. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa monita ya inchi 22.2 iliyoitwa T220, yenye nukta 3,840 kwa 2,400. Bei yake ilizidi dola 15,000 za Marekani, ikawa ni kitu cha maabara na wahandisi wakubwa. Leo monita ya 4K ni bidhaa ya kawaida ya dukani. Kilichobaki ni mnunuzi kujua anachokitafuta.

Kuna wanaoona njia ya mkato ni kununua televisheni kubwa na kuiunganisha na kompyuta. Kwa kuonyesha mpira sebuleni haina ubaya. Kwa kuchora, kuna hasara mbili. Baadhi ya televisheni hukata kingo za picha mpaka mpangilio wake ubadilishwe, na baadhi hupunguza taarifa za rangi, jambo ambalo halionekani katika sinema lakini huweka ukungu kwenye mistari myembamba ya rangi. Programu za kuchora ramani mara nyingi huweka mistari ya rangi juu ya weusi, na hapo ndipo ukungu huo huumiza macho zaidi.

Jambo la pili la kuangalia ni waya na tundu lake. Monita ya 4K ikiunganishwa na kompyuta yenye tundu la HDMI toleo la 1.4, lililotoka mwaka 2009, itapokea picha 30 tu kwa sekunde, na mshale wa mausi utaonekana kama unaburuzwa kwenye tope. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 hufikisha picha 60, na DisplayPort toleo la 1.2 vilevile. Ule waya wa zamani wa VGA, wenye pini 15 na skurubu mbili, si wa kazi hii kabisa. Mwenye kompyuta kuukuu ni afadhali achukue QHD ya inchi 27, yenye nukta kama 109 kwa inchi, kuliko kununua 4K ambayo mashine yake haiwezi kuiendesha.

Programu nayo isisahauliwe. Programu za kuchora za miaka ya nyuma hazikutengenezwa kwa vioo vya namna hii, na zikifunguliwa kwenye 4K ya inchi 27 vitufe vyake huwa vidogo kama chembe za ulezi. Anayetumia programu kuukuu aijaribu kwanza, au achague 4K ya inchi 32, ambayo nukta zake ni kama 138 kwa inchi badala ya 163.

Aina ya kioo ina umuhimu wake pia. Kile cha IPS hakibadiliki rangi sana kikitazamwa kutoka pembeni. Hilo ni muhimu pale fundi anapokaa mbele na mteja amesimama begani kwake. Cha TN hufifia au kugeuka rangi, na mteja akakataa rangi ambayo kwa kweli aliichagua mwenyewe.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aende dukani na mchoro wake kwenye flashi, na ikiwezekana na kompyuta yake. Aombe monita iwashwe, aufungue mchoro, asome tarakimu ndogo kuliko zote. Kisha aweke kioo cheupe kitupu, halafu cheusi, atafute nukta zilizokufa. Kwa monita za mitumba, ambazo baadhi ni nzuri kuliko mpya za bei ya chini, uchunguzi huo ni wa lazima, pamoja na kuangalia kama mwanga umefifia au umekuwa wa njano. Anayetumia umeme wa jua asome lebo ya nyuma kujua wati. Na kila mmoja, awe mjini au kijijini, aweke kifaa cha kuzuia umeme unaoruka.

Si kila mtu anahitaji gharama hii. Mwenye duka anayeandika mauzo na madeni, au anayechapa barua, atafanya kazi yake vizuri kwa Full HD ya inchi 24. Kumshawishi anunue 4K ni kumpunguzia mtaji bure. Lakini anayeuza vipimo, yaani ramani, mageti, makabati au mitandao ya mabomba, monita kwake ni chombo cha kazi kama futikamba. Tena monita hudumu. Kompyuta inaweza kubadilishwa na kioo kikabaki palepale mezani.

Wafanyabiashara wa kompyuta nao wana wajibu wao. Kadi ya bei iliyoandikwa inchi peke yake ni sawa na gunia la mbolea lisilosema ndani yake mna nini. Mkulima amekwisha jifunza kusoma namba za NPK kabla ya kulipa, kwa sababu msimu ulimfundisha. Muuzaji aandike nukta, aina ya kioo na matundu yaliyopo. Atakayefanya hivyo hatapoteza mteja. Atapata yule anayerudi mwakani akiwa na mwenzake.

Waswahili husema rahisi ghali. Kioo cha chenji iliyobaki kinaweza kugharimu bei ya geti zima.