Breki ya Ndani ya Kitovu Isiachwe Peke Yake Mlimani

Chukua mfano wa kijana wa Moshono, upande wa mashariki wa Jiji la Arusha, aliyenunua baiskeli kuukuu na kuazimia kuitengeneza upya kwa namna aipendayo: usukani mpana, matairi manene, na fremu isiyo na waya hata mmoja unaoning'inia. Ili aupate unadhifu huo humtaka fundi aling'oe gurudumu la nyuma, afunge kitovu chenye breki ndani yake, kisha aondoe breki zote nyingine. Ombi la kwanza ni la busara. Hilo la mwisho ni la hatari, na sababu zake zimo katika fizikia ile ile inayofundishwa sekondari.

Breki hiyo si kitu kipya. Ernst Sachs wa Schweinfurt, Ujerumani, alitoa kitovu chake kiitwacho Torpedo mwaka 1903, na vitovu vingi vya leo vingali vinafuata mpango unaofanana na huo. Pedali zikisukumwa mbele, koni yenye hesi husogea na kulishika ganda la kitovu, na gurudumu likaenda. Zikitulizwa, koni hulegea, gurudumu likazunguka huru. Zikirudishwa nyuma, koni husogea upande wa pili na kuvipanua viatu vya breki hata visuguane na ukuta wa ndani wa ganda. Kazi tatu hufanywa na mguu mmoja, bila kamba wala kijiti.

Haifai kuibeza. Breki za vijiti za baiskeli nyingi za kazi hubana mpira juu ya ringi ya chuma, na ringi hiyo ikilowa, msuguano hupungua sana. Wakati wa masika, udongo wa volkano wa miteremko ya Meru unapogeuka tope, mwendeshaji huweza kubana kwa nguvu zake zote na baiskeli isitii. Kitovu hufanya kazi yake kikiwa kimefungika ndani ya grisi, mbali na maji na vumbi. Kwa safari za tambarare, ni vigumu kupata breki ya nyuma iliyo nyepesi zaidi kutunza.

Lakini Moshono si tambarare. Ardhi yote hapo huinamia kusini kutoka Mlima Meru, na baiskeli ikishuka, nishati ya kimo hainabudi kwenda mahali fulani. Tuseme mwendeshaji, baiskeli na mzigo vina jumla ya kilo 100, nao wanashuka mita 100 za wima kwa mwendo usiobadilika. Nishati inayotoka ni takriban juli 98,000. Kitovu cha chuma chenye kilo 1 huhitaji kama juli 460 ili joto lake lipande kwa nyuzi 1 ya sentigredi. Kama nishati yote ingeingia kitovuni na isitoke, joto lake lingepanda kwa nyuzi zaidi ya 200. Bila shaka upepo huchukua sehemu yake, na ganda hupoa kadiri linavyozunguka; hata hivyo hesabu yatosha kuonyesha kwamba grisi imo mashakani.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa, tena na vijana waliopenda baiskeli za namna hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 1976, karibu na mji wa Fairfax katika jimbo la California, Marekani, walishindana kuteremka njia ya mlimani inayoshuka karibu mita 400 katika safari isiyofika kilomita 4. Walitumia baiskeli kuukuu za matairi manene zenye breki za kitovu. Wakifika chini, grisi imeungua na vitovu vinatoa moshi, na kabla ya kushuka tena iliwapasa kuvifungua na kuvijaza grisi mpya. Njia hiyo ikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba wapenzi hao wa breki ya kitovu ndio walioiacha, wakafunga breki nyingine mbele na nyuma.

Joto si sababu pekee. Baiskeli inapopunguza mwendo, uzito huhamia gurudumu la mbele, na la nyuma likabaki jepesi. Likishikwa sana huteleza. Kwa hiyo breki ya nyuma peke yake, katika barabara kavu, huweza kutoa kama nusu tu ya uwezo wa breki zote mbili. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, tofauti hiyo ni kama kusimama katika mita 9 badala ya mita 5. Mkungu wa ndizi juu ya keria huongeza uzito wa nyuma na kuisaidia breki kushika, lakini huongeza pia nishati ya kuzimwa. Tena breki hii hutegemea mnyororo: ukikatika au ukiruka meno, mwendeshaji hana tena cha kukanyagia.

Fundi naye ana mitihani yake. Ringi za nyuma za baiskeli za kazi zenye asili ya Kiingereza aghalabu zina matundu 40 ya spoku, na vitovu vingi vya breki vina 36. Basi ringi hutafutwa nyingine, na spoku hupimwa upya. Mnyororo huachwa na ulegevu wa kama sentimita 1 tu, na gia za kubadilisha kwa mkono wa springi nyuma haziwezi kubaki. Breki ya mbele ibaki mahali pake, hata kama inaharibu sura.

Inasikitisha kuwa mwanafunzi huweza kuchora kani na mjibizo wake kwa usahihi daftarini huku baiskeli aliyokuja nayo imeegemea ukuta wa darasa. Mwalimu aazime baiskeli yenye breki hii, aipindue, kisha alegeze ukanda unaofunga mkono wa breki kwenye fremu. Mwanafunzi mmoja alizungushe gurudumu polepole kwa mkono, mwingine arudishe pedali nyuma. Mkono wa breki, uliokuwa umetulia siku zote, utaanza kuzunguka pamoja na gurudumu. Darasa liulizwe ni kani gani iliyokuwa ikiuzuia, na ilitoka wapi. Ukanda ufungwe tena, nati ikazwe kwa spana, kabla baiskeli haijarudishwa kwa mwenyewe.