Farasi wa Hollywood na foto za wakimbizi

Wapo wanaosema mtu mzima kukaa mbele ya katuni ni kupoteza wakati. Na kama huyo mtu mzima amekimbia vita, analala chini ya bashi na bado anacheka mbele ya katuni, hapo wanasema ni aibu. Eti mkimbizi gani anacheka? Mkimbizi ambaye simu yake ina chaji, ndiye huyo. Hakuna sheria inayosema mtu aliyepoteza shamba na nyumba apoteze na kicheko.

Seri inayozungumziwa hapa ni BoJack Horseman. Ilitengenezwa Marekani na Raphael Bob-Waksberg, michoro yake ikabuniwa na Lisa Hanawalt, na Netflix ikaanza kuionyesha tarehe 22 Agosti 2014. Msimu wa sita, ambao ndio wa mwisho, ulitoka kwa sehemu mbili: Oktoba 2019 na Januari 2020. Kwa watu wa Ulaya hiyo ni habari ya zamani. Lakini kwa mtu anayepata seri kwa flashi, ikipita kutoka simu hadi simu, msimu mpya ni ule uliomfikia juzi. Na huo wa sita unastahili kungojewa.

Hadithi yenyewe ni ya farasi anayetembea kwa miguu miwili, anavaa koti, anakunywa pombe kupita kiasi. Zamani alikuwa nyota wa televisheni, katika mchezo wa farasi anayelea watoto watatu yatima. Sasa anaishi Hollywood, ana nyumba kubwa na bwawa la kuogelea, lakini furaha hana. Watu na wanyama wanaishi pamoja katika mji huo na hakuna anayeshangaa. Ajenti wake ni paka. Rafiki yake, ambaye pia ni mshindani wake, ni mbwa. Diane, mwandishi wa vitabu, ni binadamu, Mmarekani ambaye wazazi wake wana asili ya Vietnam. Katika msimu wa kwanza BoJack analewa na kuiba herufi D kwenye lile bango kubwa la mlimani, na tangu hapo mji wote unaitwa Hollywoo. Utani wa namna hiyo umejaa kila kona.

Neno kwa wazazi, kabla ya kuendelea. Hii si katuni ya watoto. Ndani mna madawa ya kulevya, mambo ya ngono, na watu wanaofikiria kujiua. Katika kibanda cha chumba kimoja, simu ikiwashwa wote wanaona, na mtoto akiona farasi wa rangi anasogea. Afadhali kungoja mpaka watoto walale, au kutumia ekuta na kugeuza uso wa simu ukutani.

Kuna pia shida ya lugha. Seri inapatikana kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na si kila mama aliyetoka Masisi au Rutshuru anafuata Kifaransa cha haraka namna ile. Basi atafute episodi ya nne ya msimu wa tatu. BoJack anakwenda kwenye tamasha la filamu chini ya bahari, amevaa kofia ya kioo kichwani, na karibu episodi nzima hakuna anayesema neno la kueleweka. Anajikuta na mtoto mchanga wa aina ya samaki, anamzungusha mji mzima akimtafutia baba yake. Mtu yeyote aliyewahi kufika katika mji wa watu asiojua lugha yao, amebeba mtoto, ataelewa kila kitu bila kutafsiriwa. Na atacheka mwishoni, atakapoona ile kofia ilikuwa na kitu gani siku zote.

Lakini sababu kubwa ya wakimbizi kuiangalia seri hii ni nchi moja inayoitwa Cordovia. Usiitafute kwenye ramani; ni nchi ya kubuni, yenye vita. Katika msimu wa pili Diane anakwenda huko kumfuata tajiri mmoja anayejulikana kwa kusaidia maskini, Sebastian St. Clair, ili aandike kitabu juu yake. Kitabu hicho si cha watu wa Cordovia, ni cha tajiri. Kule kambini Diane anazoeana na mtoto yatima. Mtoto huyo anauawa. Diane anavunjika moyo, na tajiri anaona hapo sura nzuri ya kitabu. Diane anarudi Marekani kwa siri na kujificha nyumbani kwa BoJack, huku akimdanganya mume wake kwa simu kwamba bado yuko kazini kwa wakimbizi.

Waliopitia Kanyaruchinya, Bulengo au Lac Vert wanamjua Sebastian hata kama hawajaona seri. Anafika kwa gari lenye bendera. Anatafuta mtoto mchafu zaidi, yule msafi aliyeogeshwa asubuhi na mama yake anaambiwa asogee pembeni. Mjane anaombwa asimulie tena namna mume wake alivyouawa, kwa sababu mara ya kwanza upepo uliingia kwenye mikro. Kisha gari linaondoka. Ni kweli, na haifai kufichwa, kwamba foto hizo zinaleta kitu: bila foto wafadhili hawaamki, na wafadhili wasipoamka unga na bidoni havifiki. Wakimbizi wenyewe wanajua hesabu hiyo kuliko yeyote. Lakini kujua bei ya kitu si sawa na kukubali kwamba bei hiyo ni ya haki.

Msimu wa sita ndio unaochimba jambo hili mpaka chini. Diane sasa anaishi Chicago, anakunywa dawa za kutuliza huzuni, na amekaa kuandika kitabu juu ya utoto wake mgumu. Hakiandikiki. Watengenezaji wameonyesha mawazo yake kwa mistari ya kalamu iliyochorwa ovyo na kufutwa, kama daftari la mtu aliyechoka. Yeye anashikilia kwamba mateso yake lazima yazae kitu, kama Wajapani wanavyounga chungu kilichovunjika kwa dhahabu; yasipozaa kitabu, basi aliteseka bure. Badala ya kitabu hicho kinamtoka kisa kingine kabisa, cha kuchekesha, cha msichana anayefanya upelelezi mahali watu wanapouza chakula dukani. Paka ajenti anakisoma na kukipenda. Diane anakasirika kwanza. Inamchukua muda kukubali kwamba maumivu yanaweza kuwa maumivu tu, na kwamba hana deni la kumtengenezea mtu yeyote hadithi kutokana nayo.

BoJack katika msimu huohuo anafanya kinyume. Anakwenda kwenye televisheni kueleza makosa yake, na anaeleza vizuri, kwa sauti ya majuto, mpaka watu wanamhurumia. Utamu unamwingia. Anarudi kwa mahojiano ya pili, na safari hii mwandishi wa habari anamuuliza juu ya wale aliowaumiza, hasa msichana aliyekufa akiwa naye, na dakika 17 alizokaa bila kuita msaada. Hapo huruma inakwisha.

Mahojiano hayo ya pili yanafaa kuangaliwa katika kila redio ya hapa, kalamu mkononi. Kwa sababu katika mkoa huu maswali yamegawanywa vibaya. Mwenye bunduki, mwenye cheo, mwenye gari la bendera anaulizwa swali moja laini na kushukuriwa. Mjane ndiye anayeulizwa mara mbili, mara tatu, ulikimbia saa ngapi, uliona nini, damu ilikuwa wapi. Swali la pili lingehamishwa tu kutoka kwa mjane kwenda kwa mkubwa, na ingekuwa redio nyingine.

Kwa atakayeanza leo: jumla ni episodi 76 na moja ya Noeli, karibu dakika 25 kila moja. Zile za mwanzo zinaonekana kama utani wa walevi tu, na wengi wanaachia hapo. Wavumilie mpaka katikati ya msimu wa kwanza. Na betri ikiwa ndogo usiku huo, wasianze episodi ya mwisho kabisa, maana BoJack na Diane wanakaa juu ya paa wakiongea polepole, kuna kimya kirefu, na ni vibaya simu kuzimika hapo.