WAYA ULIOACHWA SI WAYA ULIOKUFA



Tumechoka kuambiwa kwamba waya unaoning'inia ukutani "hautumiki". Anayesema hivyo halali humo. Sisi ndio tukaao katika landhi, na watoto wetu ndio wachezao chini ya waya huo.

Mambo yenyewe ni haya. Jiko la stima liliondolewa, taa ya baraza ikavunjika. Chombo kimekwenda zake, waya wake umebaki, ncha imezungushiwa tepu na kupakwa chokaa kama kaburi. Nje ni safi. Ndani mna volti 240. Tepu hukauka ikabanduka, panya hutafuna, mvua hupenya. Je, hiyo ndiyo kazi iliyokwisha?

Sisi watu wa reli twajua zaidi. Njia ya pembeni ikiachwa, hatuweki gogo mwisho wake tu tukaenda zetu. Twafunga pointi kule inakotokea, twatia kufuli, gari lisiweze kuingia. Stima ni vivyo hivyo. Waya hukatwa kule unakotokea, si kule unakoishia.

Basi kazi ya haki ni hii. Fundi apime kwanza mahali anapojua pana stima, ahakikishe kipimo chake ni kizima. Azime swichi kubwa, atoe fyuzi ya waya ule na kuitia mfukoni, mwingine asije akairudisha. Apime waya, kisha akihakikishe tena kipimo chake. Ndipo aufungue waya katika sanduku la fyuzi na kuutoa wote. Ukiwa umefukiwa ukutani hautoki, ncha zote mbili zifungwe ndani ya visanduku vyenye vifuniko, na kuandikwa.

Asiamini rangi. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, za sasa kahawia na buluu, na fundi aliyetangulia huenda alizichanganya. Wala asiamini swichi ya ukutani: ikiwa ilifungwa upande usio wake, taa huzimika na waya ungali na moto.

Watatuambia, "Fyuzi ipo." Ndugu, fyuzi ya ampia 5 hulinda waya usiungue, hailindi mtu. Ampia moja ukiigawa mafungu elfu, mafungu 30 tu yakipita kifuani yaweza kuua, na fyuzi isijue lolote.

Na sisi wenyewe tusijidanganye. Yuko ndugu kila landhi ajiitaye fundi kwa sababu ana koleo. Asiguse. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka kazi hii ifanywe na mwenye leseni. Kumleta na kumlipa ni juu ya mwenye nyumba, si juu yetu. Kodi yake haisahau kukatwa hata mwezi mmoja. Kwa nini waya wake usahauliwe miaka?

Kwa hiyo twasema: kila mjumbe wa Chama apite mlango kwa mlango, aandike namba ya nyumba na mahali waya ulipo. Orodha ipelekwe ofisini kwa jina la Chama, na jibu lidaiwe kwa maandishi. Fundi akija, aonyeshe leseni kabla ya kufungua sanduku.

Tusingoje matanga ndipo tuandike barua.

Umoja ni nguvu.