Picha Isiyomtisha Ndege

Vijana wenzetu, wengi wetu leo hubeba kamera mfukoni, ndani ya simu. Twapiga picha kila siku, lakini ni mara chache twajiuliza picha hiyo imemgharimu nini yule aliyepigwa. Twapenda kulitafakari swali hilo kwa mfano wa wale wanaowapiga picha ndege wa bahari wakiwa angani.

Kazi hiyo si ya jana. Mwaka 1882 mtaalamu Mfaransa Étienne-Jules Marey alibuni kamera yenye umbo la bunduki, iliyoweza kuchukua picha 12 kwa sekunde moja, akawalenga nayo shakwe huko Napoli. Bunduki ile haikumwua ndege yeyote. Ilichotwaa ni mwendo wa mabawa, ambao jicho la mtu haliwezi kuufuata.

Wapiga picha wa leo hutafuta mwanga mpole: wakati wa mapambazuko, jioni kabla jua halijazama, au mchana uliofunikwa na wingu jepesi. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya urembo tu. Jua la saa sita likimwangukia ndege mweupe, mgongo wake hung'aa hata manyoya yasitofautike, na chini ya mabawa huwa giza. Mwanga mpole huonyesha unyoya kwa unyoya. Hata hivyo mwanga huo ni haba, na ndege aendaye kasi hudai kamera ifunguke kwa muda mfupi mno, pengine sehemu moja ya 2,000 ya sekunde. Kwa hiyo mpiga picha hujifunza kupima, kungoja na kuusoma upepo. Ndege wa bahari huruka na kutua akiukabili upepo. Anayesimama upepo ukimpiga mgongoni humwona ndege akimjia uso kwa uso.

Iko pia njia fupi: kupiga makofi, kurusha jiwe, au kusogea hadi kundi zima liinuke. Hapo ndipo tunaposema hapana. Tuangalie mwamba wa Bass Rock, karibu na pwani ya Uskoti, ambako huzaliana membe wa kaskazini, ndege mkubwa mweupe ambaye jina lake la kisayansi, Morus bassanus, limetokana na mwamba huo. Membe hutaga yai moja tu, akalitia joto chini ya nyayo zake zenye utando. Akikurupuka, yai laweza kuviringika, nao shakwe wako tayari kulinyakua. Mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege iliwaua membe wengi mahali hapo. Kundi lililokwisha kupata msiba wa namna hiyo halihitaji kelele za mgeni mwenye kamera.

Wako watakaosema kwamba picha nzuri huwafanya watu wawapende ndege, hivyo hasara ndogo na ivumiliwe. Hoja hiyo ina uzito, kwani wengi wetu hatutafika Uskoti, na membe twawajua kwa picha tu. Lakini anayeitazama picha halioni yai lililopotea nje ya ukingo wake. Anayejua ni aliyeipiga, na kama alikubali hasara ile kwa ajili ya sifa, basi alijipenda mwenyewe kuliko ndege.

Huku kwetu wengi hatuna membe mbele yetu, ila tuna jirani. Twaona simu zikiinuliwa juu ya majeruhi barabarani, mbele ya mama anayelia matangani, mbele ya mtoto aliyekimbia vita na hana hata nguo ya kubadili. Mara nyingi hakuna aliyewauliza.

Wapiga picha waaminifu wa ndege wana kipimo kimoja: ndege akibadili mwenendo kwa sababu yako, umekwisha kumkaribia mno, rudi nyuma. Twapendekeza kila kikundi cha vijana kikizungumzie kipimo hicho katika mkutano wake ujao, kikubaliane ni picha zipi hatutazipiga, na zipi hatutazisambaza hata tukizipokea kutoka kwa wengine. Mtu akigeuza uso au kujifunika kwa kitenge, amekwisha kutujibu. Hapo simu irudi mfukoni, na mkono ulioishika uangalie kama kuna msaada wa kutoa.